Kipimo cha Mama

San Luis, Pinar del Río
Tarehe 9 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima kiasi, na mimi nimefaulu kemia.

Mama alipasuliwa saratani ya utumbo mwezi wa tisa. Shangazi Obdulia alikwambia, ingawa hukuandika. Sasa kipimo cha damu kinachoonyesha kama saratani imerudi kimepanda. Daktari anasema tumbaku nayo hukipandisha kidogo, kwa hiyo Mama aache kuvuta miezi mitatu, kisha apimwe tena.

Lakini kiwandani kwao wasokota sigara kama yeye hupewa sigara chache kila siku wavute wenyewe, na Mama hajaziacha.

“Huku si kuvuta, we mtoto. Naonja kazi yangu!” alinitania.

Jana nilimpokonya sigara. “Mama, unataka kufa?”

Safari hii hakutania. “Nikivuta, namba ikiwa juu nailaumu tumbaku. Nikiacha nayo isishuke, nitalaumu nini, mwanangu?”

Nilimshika mkono tu, na leo hajavuta hata moja.

Majibu ni tarehe kumi Juni. Nimekuandikia siku yenyewe ili usiseme hukujua. Ukipiga simu, nitampa Mama azungumze nawe. Usipopiga, sitakuomba tena.

Binti yako,
Yamilka