Bodi ya Kadi Mbili

Jumatano, 26 Desemba 2007

Tumerudi tena kwenye chipseti, chipu inayotawala bodi ya kompyuta. Meza imejaa karatasi tulizochapisha kwenye saiba ya mtandao, chai yangu imepoa. Njoroge, kitinda mimba wangu, amenunua kadi mbili za grafiki, zinafanana kama mapacha. Anataka zifanye kazi kama kadi moja, afungue chumba cha gemu hapa mtaani. Imebaki bodi tu, ile ya kuzichomekea. Bwana Dilip, mwenye duka la kompyuta mjini, ametuwekea mbili. Ya kwanza ina chipseti ya kampuni ile ile iliyotengeneza kadi, na ni hiyo tu inayokubali kuziunganisha. Ya pili ina chipseti ya kampuni ya prosesa. Tulivu, haichemki, lakini humo kadi hizi zitakaa kama wapangaji wasiosalimiana.

Njoroge anataka ya kwanza. Mimi nina shaka na joto lake. Nilifundisha sayansi Elburgon miaka mingi, joto nalijua.

Kesho kura.

Jumatatu, 31 Desemba

Matokeo yalitangazwa jana. Moshi upande wa Molo. Redio inataja mahali ninapopajua kwa miguu yangu. Tulifukuzwa huko tisini na mbili. Ndugu yangu Kariuki alipigwa mshale wa shingo katikati ya viazi vyake. Njoroge alikuwa mtoto. Aliona.

Leo hakula. Amekaa nyuma ya nyumba akinoa panga. Nilimwita aje tuangalie karatasi za bodi. Alikuja.

Ijumaa, 4 Januari 2008

Malori yanaleta watu wetu kutoka juu, Molo. Wanalala kwenye uwanja wa kanisa. Nimeona mama wa rika langu, sikio limekatwa, kitambaa kimeganda damu. Nataka waliofanya hivi waumie. Ndiyo, mimi, mzee wa kanisa. Nataka waumie.

Karis alisimama langoni. Alisoma na Njoroge, sasa anaongoza vijana wa mtaa. "Niaje, Njoro. Kila boma inatoa mtu mmoja."

Njoroge alisema mzee bado hajakubali bodi.

"Bodi? Watu wetu wanachinjwa, wewe unachezea kompyuta kama mtoi?"

Vijana walicheka. Njoroge alicheka pia, lakini alibaki mezani.

Nimeelewa kitu. Bodi isipochaguliwa, mtoto anakaa nami. Nitaendelea kukataa.

Jumanne, 15 Januari

Leo nilileta hoja ya pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Kadi mbili zitakula umeme kuliko friji. Alipiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sawa. Wiki iliyopita nilileta diski: kuna watu mtandaoni wanalalamika kwamba chipseti ya kwanza inaharibu data. Kabla ya hapo nilileta skrini. Kadi zikiunganishwa, skrini inayowaka ni moja tu. Yote ni kweli. Sijamdanganya hata mara moja. Nimezirefusha hoja tu.

Bwana Dilip kwenye simu: "Mwalimu, amua basi! Unachagua bodi au unamchagulia kijana mke?"

Hoja zinaniishia.

Alhamisi, 24 Januari

Sasa ni mji wenyewe. Vijana wa pande zote wana mishale na mapanga, mchana kweupe. Karis alisema mbele yangu, bila kushusha sauti, kwamba wataanza na Baba Akinyi, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Mstaafu wa reli. Kosa lake ni kwamba babu yake alitoka magharibi.

Nilivuka kumwambia aondoke.

"Mwalimu, niende wapi? Mimi nilizaliwa hapa hapa, nyumba za reli."

Nikasema kituo cha polisi. Akasema kesho.

Njoroge alisikia maneno ya Karis. Alirudi nyuma ya nyumba kunoa panga. Hilo ndilo linanitisha.

Ijumaa, 25 Januari

Nimemvunja mwanangu mguu.

Ilikuwa mchana. Filimbi kila upande, anga jeusi. Karis na wenzake langoni. "Njoro, toka! Ama babako amekufunga kwa meza?"

Nilisema haya, nimekubali, tuchukue ya kwanza, nampigia Dilip sasa hivi. Njoroge alinitazama kwa huruma. "Baba, nilijua unachofanya. Nilikuwa nakuachia tu." Panga lilikuwa kwapani. Akainama kufunga viatu.

Mpini wa jembe ulikuwa nyuma ya mlango. Nilipiga muundi kwa nguvu zangu zote. Ulilia kama mbao kavu. Akajaribu kusimama. Nikapiga tena, pale pale.

Karis alichungulia, akaona, akarudi nyuma. "Mzee amerukwa na akili. Twendeni."

Wakavuka barabara.

Tulisikia yote. Baba Akinyi aliita watu wa mtaa huu kwa majina. Aliniita mimi. Nilikuwa sakafuni, nimemkumbatia Njoroge asitambae kwenda nje. Panga likigonga mfupa lina mlio wake. Kisha petroli. Kisha moto.

Sikutoka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili, 27 Januari

Kafyu, marufuku kutoka. Hakuna gari. Mguu umevimba, ngozi inang'aa. Nimeufunga kwa vipande viwili vya mbao na shuka iliyopasuliwa. Ana homa. Ananitukana kwa lugha mbili. Atukane.

Polisi walichukua mwili wa Baba Akinyi jana. Mkewe na binti yake walikuwa wametangulia kituoni. Yeye alibaki kufunga nyumba. Sasa wako kwenye uwanja wa kituo na wengine, kwenye mahema. Sijaenda kuwaona. Nina aibu.

Jumatano, 6 Februari

Mguu umetiwa plasta. Njoroge haongei nami. Karis ametoroka, na hakuna anayetaja alikoenda.

Bwana Dilip amefungua duka. Alipiga simu, sauti ya chini, bila mzaha. Bado tunataka bodi? Nikasema aziuze zote.

"Ya pili," Njoroge akasema kutoka kitandani. "Ile isiyochemka."

Nikamuuliza, na kadi zako?

"Kila moja iwe na skrini yake. Inatosha."

Akageukia ukuta. Nikamwambia Dilip ya pili.

Jioni nilikwenda uwanjani. Mama Akinyi alinipa mkono. Hakuniangalia.

Ijumaa, 15 Februari

Hospitali na Njoroge. Foleni ndefu, wengi wana majeraha ya panga. Daktari ni kijana mpole. Aliinua picha ya mfupa dirishani. Umeanza kuunga vibaya, atachechemea. Akasema umepigwa zaidi ya mara moja mahali pamoja. Ilikuwaje? Alinitazama mimi.

Njoroge akasema alianguka kwenye ngazi.

Daktari akaandika.

Tulirudi polepole, mkono wake begani mwangu. Nyumba yetu haina ngazi.