Frida Ataota Wapi

Mbeya, wodi ya watoto
9 Juni 2024

Baba Frida,

Salamu nyingi. Mwanangu Anord anakula? Kikohozi chake je? Sisi tupo, tunamshukuru Mungu tumeamka.

Nakuandikia maana kwenye simu siwezi. Frida yuko pembeni ananitazama mdomo, na wewe ukinyamaza nami nanyamaza, tunamalizia vocha bure. Sosthenes wa lori amesema kila akileta mbao huku Uyole atapita kuchukua barua.

Ngozi waliyombandika mguu wa kushoto imeshika. Wa kulia bado unatoa maji, na harufu yake siipendi. Siku ya kubadilisha bandeji analia mpaka sauti inakauka, mimi namshika mikono huku namwimbia nyimbo za watoto za kanisani. Nimezichukia sasa. Usingizini anashtuka, kama vile siku ile alivyosinzia akisubiri mahindi yaive, akaangukia mafiga, miguu ikaingia motoni. Lakini ajabu, asubuhi akisikia baridi anataka tukaote moto wa nyumbani. Nikamuuliza kama hauogopi. Akasema moto haukufanya makusudi.

Mama Frida


Nyololo, 23 Juni 2024

Kamwene mama Frida,

Anord mzima, kikohozi kimeisha, ila jioni anakulilia. Mama anawasalimu. Jumuiya wanawaombea. Baridi mwaka huu imetukamata kweli.

Kuna jambo nimefanya. Mafiga yote matatu nimeyang'oa, nikayatupa kule bondeni kwenye kinyungu, shamba letu la matope, nisiyaone tena kati ya matuta yale. Dastan fundi amenijengea jiko la matofali, refu, linanifika kiunoni. Frida hata akisimama kwa vidole, moto haumfikii. Mama amenuna. Anasema moto ukipandishwa juu watu hawakai pamoja, tunakula tumesimama kama tuko stendi. Nimemwambia azoee tu. Mwambie Frida akirudi atacheza jikoni anavyotaka, baba yake ameshaondoa ule ubaya.

Baba Frida


Mbeya, 18 Agosti 2024

Baba Frida,

Pokea salamu zetu, na mama mpe zake. Nimechelewa kuandika. Kalamu nilikuwa naishika, naiweka.

Mguu wa kulia umekatwa, chini ya goti. Ulishaoza, na daktari alisema tukisubiri tutampoteza mtoto mzima. Nilikupigia, hukupatikana, nikaweka sahihi peke yangu. Wa kushoto goti limejikunja. Mazoezi anafanya kila siku na bado halijanyooka. Mguu wa bandia watampa, ila sio mwaka huu, mpaka kidonda kikomae. Kwa sasa anasota. Ana mbio huyo, anawashinda wenzake wodini, nikimfukuza ananicheka. Nacheka naye, halafu naenda msalani kulia.

Njoo, mume wangu. Nimechoka, nakwambia ukweli.

Mama Frida


Mbeya, 15 Septemba 2024

Baba Frida,

Salamu zangu kwa mama na Anord. Zako sijui kama unazitaka.

Sosthenes amesema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaitia kwenye koti, ukaondoka bila kumuaga. Kuja hukuja, kuandika hukuandika. Nimekukasirikia, Liberatus, sikufichi. Esnath wa kitanda cha jirani, mumewe anatoka Mbalizi kila Jumapili na uji kwenye chupa. Namwonea wivu mpaka naona aibu.

Tumeruhusiwa. Ijumaa Sosthenes atatubeba.

Ile barua yako ya jiko nilimsomea Frida zamani, akafurahi. Jana tunakunja nguo akaniuliza, "Mama, moto ukiwa juu, mimi wa chini nitaota wapi?"

Nikajifanya natafuta soksi. Hilo jibu unalo wewe.

Mama Frida


Nyololo, Alhamisi 19 Septemba 2024

Kamwene mama Frida. Kamwene na wewe Frida, mama atakusomea.

Huku wazima. Sosthenes anaondoka alfajiri kuja kuwachukua, nampa hii muisome njiani.

Sina cha kujitetea. Stendi nilifika zaidi ya mara moja, na begi mkononi, basi likisimama nageuka narudi nyumbani. Niliogopa mtoto akiniangalia nitamwambia nini. Kukasirika una haki, na ukifika uendelee tu.

Barua yako nimeipata jana. Jiko nimelibomoa jana hiyohiyo, Dastan akabaki ananishangaa. Nimeshinda kinyunguni napekua matope. Mafiga mawili nimeyapata, la tatu limezama, nimeng'oa jiwe la mlangoni badala yake. Nimeyapanga palepale yalipokuwa, nikazungushia kiubao kifupi, Frida akisinzia kimzuie na joto limfikie usoni na mikononi. Mkeka nimeutandika. Mama alivyoona mafiga yamerudi alikaa chini akalia.

Kuni zipo, kavu, nimezipanga. Ila moto sijauwasha. Nimewasha kiberiti, nikakizima, nikawasha kingine, nacho nikakizima. Ugali wa leo tumeomba kwa jirani.

Utauwasha wewe mkifika. Mimi nitakaa chini, nimshike.

Baba Frida