Sauti ya Baba Imegoma Kuhama

4 Machi

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na unakula kwa wakati, si kuruka milo kama ulivyozoea. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri. Baba yako hajambo kiasi. Mkono wa kulia bado mzito, ila anatembea kwa kujishikiza ukutani kutoka chumbani mpaka sebuleni. Kusema ndiyo bado. Anafungua mdomo, inatoka "aaa" ndefu, halafu anafunga na kugeukia dirishani. Tangu kiharusi kimpige, nyumba iliyokuwa inasikika mpaka barabarani imekuwa kimya kiasi kwamba nasikia friji ikiunguruma.

Sasa kuna jambo. Yule dada wa hospitali anayemfanyisha mazoezi ya kusema ameuliza kama tunazo rekodi za zamani za sauti yake. Nilicheka. Nikamwambia, dada yangu, huyu mtu kasherehesha harusi tangu ana nywele nyeusi, na zote zimejaa kwenye kompyuta yetu! Anasema wagonjwa wengine wakisikia sauti zao wenyewe, maneno hurudi upesi. Tumpelekee kwenye diski achague vipande, na tusikawie, kwa sababu miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye faida.

Diski nimenunua, nimeichomeka, nimebonyeza kunakili kama ulivyonifundisha. Picha zinapita vizuri. Zile video ndefu zinafika katikati, kompyuta inaganda. Kishale hakisogei, saa ya pembeni inasimama, na nikibonyeza chochote ni sawa na kubonyeza meza. Nazima kwa nguvu, nawasha, naanza upya, inaganda tena. Nimepiga chapa ofisini mpaka nikastaafu na hakuna mashine iliyowahi kunifanyia jeuri hii.

Simu yako haishiki mtandao huko bondeni, kwa hiyo nampa barua hii dereva wa lori la mboga. Niambie nifanye nini. Na likizo yako vipi?

Mama yako

12 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua imefika ikinuka vitunguu, nadhani dereva aliikalisha juu ya magunia. Mimi ni mzima, na chakula nakula, usihofu. Nimefurahi kusikia baba ameanza kutembea. Mpe shikamoo yangu. Hata asipoitikia ataisikia.

Tuje kwenye kompyuta. Kwanza nakuomba usiizime kwa nguvu kila mara, utaharibu hizo video zenyewe, na hatuna nakala nyingine popote. Ikiwa picha ndogo zinapita na video kubwa zinakwama, basi mashine kazi inaijua, inachoshindwa ni kuifanya kwa muda mrefu. Angalia kama diski ina nafasi ya kutosha. Kisha hamisha harusi moja moja, usibebe folda nzima kwa mkupuo. Ikiganda tena, weka kiganja ubavuni mwa boksi uniambie kama lina moto, na usikilize kama feni inazunguka. Ningekuwa hapo ningeshamaliza. Kwa barua inabidi twende polepole, kama daktari anayempima mgonjwa kwa kumuuliza jirani.

Likizo bado, Mama. Tunafunga nyaya za mtambo na mkuu wa kazi hataki kusikia neno ruhusa.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, baba yako kala vizuri asubuhi na kanikatalia uji jioni, hiyo ndiyo afya yake siku hizi. Shikamoo yako nilimfikishia. Alitazama mlangoni, akadhani umefika. Sikupenda jinsi alivyotazama.

Nimefanya uliyoagiza. Nafasi ipo tele. Harusi moja moja, bado inaganda. Boksi ni la moto kama pasi, mwanangu, nimeondoa mkono mbio mbio. Feni sikuisikia vizuri kwa sababu ya kifuniko.

Mama yako

25 Machi

Mama,

Shikamoo, na poleni na kazi. Mimi mzima, isipokuwa swali moja limenikosesha raha tangu nisome barua yako. Kifuniko gani?

Mwanao

1 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Unauliza kifuniko gani kana kwamba hukulelewa na mpiga chapa. Ofisini mashine ilifunikwa, na asiyefunika aliitwa kwa mkuu. Vumbi ndilo linaua mashine, hilo tulifundishwa na ninaliamini mpaka leo. Kwa hiyo nimelishonea boksi lako koti zuri la blanketi la zamani, limebana pembe zote, nyuma nimeacha tundu la nyaya. Nikishabonyeza kunakili nalivalisha, ndipo naenda jikoni. Najua utacheka.

Baba yako naye aliponisikia nikiyasoma haya kwa sauti huku naandika, mabega yalimtikisika kwa kicheko. Ni mara ya kwanza tangu augue. Basi cheka tu.

Mama yako

8 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimecheka mpaka wenzangu kambini wakaja kuuliza kuna nini, nikawasomea, sasa wote wanakusalimu na mmoja anaomba umshonee koti la simu yake.

Mama yangu, mashine ya chapa haina joto. Hii ina moto ndani, na feni inautoa nje kupitia yale matundu uliyoyaziba. Ikizidiwa na joto inasimama. Kazi ndogo inaisha kabla haijapata moto, kazi kubwa moto unaikuta katikati. Vua hilo koti, zima, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, safisha vumbi la feni kwa brashi laini. Ukimaliza uifunike, sikatai, lakini ikiwa imelala.

Nina ombi. Diski ya hospitali ikikamilika, nitengenezee na mimi nakala moja. Juzi nilijaribu kukumbuka anavyosema "mabibi na mabwana" nikashindwa. Niliona picha yake, mdomo ukicheza, sauti sikuipata. Niliogopa sana, Mama.

Mwanao

16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, wasalimie hao wenzako, na huyo wa koti mwambie alete blanketi. Afya zetu si haba.

Koti nimevua. Vumbi nililolitoa humo unaweza kupandia mchicha. Kompyuta sasa haigandi, saa inatembea, feni inavuma. Nikashangilia mapema. Harusi ya kwanza ilipita yote, ile ya mwenye duka la viatu, ambapo baba yako aliwachekesha watu mpaka bibi harusi akakatikiwa kisigino cha kiatu. Nilikuwa nimekaa hapo hapo naitazama ikipita. Ya pili nikaiacha, nikaenda kugeuza maharage. Kurudi, maandishi kwenye kioo yanasema diski haionekani. Nikaanza tena, nikaenda kuanika nguo, kurudi ni yale yale. Dada wa hospitali kaniuliza mara mbili. Naona aibu kumwambia bado tunahangaika na waya.

Nimekufa moyo kidogo. Baba yako anakaa kwenye kiti chake pembeni ya kompyuta, ananitazama nikihangaika, na hata kunisaidia kulaani hawezi.

Likizo?

Mama yako

23 Aprili

Mama,

Shikamoo, na pole sana. Usife moyo, umeshafika mbali kuliko mafundi wengi ninaowajua.

Huo wa sasa ni ugonjwa mwingine. Kule kuganda kumeshatibiwa. Diski kutoonekana maana yake mawasiliano yanakatika, mara nyingi ni waya kulegea. Uchomeke nyuma ya boksi badala ya mbele, na ukipata waya mwingine jaribu huo. Ila kuna kitu nimekiona kwenye barua yako. Ulipokaa, ilipita. Ulipotoka, ilikatika, mara zote. Mashine haijui nani yuko chumbani. Safari hii anzisha, toka, halafu simama mahali unapoweza kuona bila kuonekana. Pengine waya unavutwa na pazia, au paka wa jirani.

Kuhusu likizo, sitakuficha tena. Mkuu wa kazi alishanipa tangu mwezi uliopita. Mimi ndiye sijaichukua. Kila nikifikiria kufungua ule mlango na baba asinitanie kwa jina langu la utotoni, naahirisha safari. Nilitaka kwanza asikilize rekodi, apate hata maneno machache, ndipo nije. Nisamehe.

Mwanao

9 Mei

Mama,

Shikamoo. Lori limekuja mara mbili bila barua yako. Dereva anasema alikupigia hodi na uliitikia, ukamwambia huna kitu cha kumpa. Mimi mzima lakini sina raha. Kama umenikasirikia kwa niliyoandika, nigombeze, lakini andika. Baba hajambo?

Mwanao

15 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako hajambo, na mimi sijambo, tulia. Sikukukasirikia. Nilikuwa nasubiri kitu kikamilike ndipo nikuandikie.

Nilifanya ulivyosema. Nilianzisha harusi, nikagonga sufuria jikoni kama kwamba napika, nikarudi taratibu nikasimama nyuma ya mlango. Pazia halikuvuta kitu. Paka hakuwepo. Baba yako aliinuka, akajishikiza mezani, akanyoosha ule mkono wa kushoto akauchomoa waya wa diski. Akausukuma mahali pake tena, umelegea vile vile, akakaa, akageukia dirishani kama vile si yeye.

Mwanangu, nilimfokea. Nilimwambia ninahangaika usiku na mchana kwa ajili yake, nimekuwa fundi uzeeni, nimeaibika hospitalini, mtoto anahangaika huko bondeni, kumbe adui yuko kitini! Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akaanza kulia, nami nikakaa chini pale pale nikalia naye.

Nilipotulia nikamuuliza kwa utaratibu. Hutaki kupona? Akatikisa kichwa kwa nguvu, anataka. Hutaki kusikia zile harusi? Akafumba macho. Nikakumbuka ile ya mwenye duka la viatu, jinsi nilivyoifungulia sauti yote nikicheka, na yeye amekaa pale. Sikumtazama hata mara moja siku ile.

Akafanya ishara ya kalamu. Unajua kalamu alikuwa anaitupa tangu hospitali, kwa sababu mkono wa kulia umekataa na wa kushoto unamtia aibu. Safari hii hakuitupa. Nikamwekea karatasi mezani, nikataka kumshika mkono, akanisukuma. Alianza, akachafua, akaomba nyingine. Kila siku aliandika kidogo baada ya chai, na ndiyo maana dereva aliondoka mikono mitupu. Alikataa nikuandikie kabla yake.

Karatasi nilimwonyesha dada wa hospitali nikitarajia atanilaumu. Aliisoma, akasema rekodi hazihitajiki tena, tuachane nazo. Wameanza na maneno anayoyachagua mwenyewe. La kwanza alilochagua ni "acha," na amenitolea jana nilipotaka kumlisha. Halikunyooka, lakini ni "acha," na nimeacha. Diski nimeichomoa nikaiweka kabatini. Harusi ziko salama kwenye kompyuta, hakuna aliyezigusa, na kompyuta haina tatizo lolote.

Karatasi yake hii hapa ndani ya bahasha. Ni yako. Usijali ubaya wa mwandiko.

Mama yako

Mwanangu

Huyo wa kwenye kompyuta ameshasema. Sasa ni zamu yangu.

Njoo. Nitachelewa kumaliza kila neno. Usinimalizie.

Baba