Tofali za Pumba za Baba

Chamazi, Temeke

Dada Tekla,

Shikamoo. Miguu ya mama imepungua kuvimba? Mie huku nakula, nalala, naamka. Barua yako nimeipata. Umeandika, "Umeshindwa kuja kumzika baba kwa ajili ya tofali?" Ndiyo, dada, nimeshindwa. Kama umenikasirikia, una haki.

Lakini nikueleze ilivyokuwa.

Tangu biashara ziachiwe huru kila mtu huku anajenga, na saruji inakwenda kama maji. Sasa serikali inasema sie wafyatua tofali tukipunguza saruji tutasamehewa kodi, na tofali zetu ndizo zitakazojenga zahanati ya hapa. Bwana afisa aliyetumwa kutueleza alisema moshi wa tanuri za saruji unaharibu hewa ya dunia nzima. Mzee Shomari, jirani yangu ambaye naye anafyatua, akamwuliza, "Na hiyo dunia itakuja kununua tofali?" Watu wakacheka.

Saruji tuliyopunguza tunaifidia kwa majivu ya pumba za mpunga. Unayakumbuka magunia ya pumba ambayo baba alikuwa akinitumia kutoka mashine ya kukoboa? Ulimcheka kuwa anasafirisha takataka hadi Dar. Ndiyo hayo.

Tofali za majivu zina uvivu wa kukomaa. Sharti uzimwagilie asubuhi na jioni siku ishirini na nane, ndipo afisa azipime. Mara ya kwanza nilikuja huko Pasaka, nikamwachia Mzee Shomari. Yeye kazoea za saruji tupu. Alimwagilia wiki moja, akaziona ngumu, akaacha. Zilipopimwa zikamomonyoka. Afisa akaniambia, "Nakupa nafasi moja tu. Zikivunjika tena, jina lako nalifuta." Nilimwandikia baba, akatuma magunia mengine na kunijibu, "Safari hii usibanduke hapo."

Siku ya kumi na tisa nilikuwa namwagilia, nikasikia jina la baba kwenye matangazo ya vifo redioni. Kisha lako, kisha langu, "popote alipo Dar es Salaam." Mzee Shomari akaizima redio yake. "Nenda kamzike mzazi wako, mwanangu. Nitamwagilia mie, wallahi sitaacha." Nikamwambia ahsante. Nikajaza ndoo nyingine. Sikulia, dada, na mpaka leo sijalia. Naona aibu, halafu hata hiyo aibu siisikii vizuri.

Tofali zimefaulu. Afisa alinipa mkono, akasema, "Hongera sana." Wenzangu wakachinja kuku, mie nikala mchuzi tu.

Nimetenga tofali arobaini za kujengea kaburi la baba. Nitakuja nazo juu ya lori la mpunga linalorudi tupu. Nakuomba msijenge kabla sijafika. Ya kunisema mtanisema nikiwa nimekaa mbele yenu.

Nisalimie mama kwanza. Nisalimie shemeji na cherehani yake, shangazi muuza togwa, na katekista aliyemzika baba, umwambie nashukuru. Mwendesha mashine ya kukoboa umwambie asinitumie tena pumba mpaka nimwone.

Hizo arobaini zimeshakomaa, hazihitaji maji tena. Mzee Shomari anajua, ananitazama tu. Asubuhi na jioni bado nazimwagilia.

Mdogo wako,
Kristofa