Kaka, Damasi Anarudi Mtaani

Kaka mpendwa,

Damasi huenda akatoka gerezani kabla ya kumaliza kifungo chake. Jumanne afisa wa utawala wa sekta yetu alituita, mimi na Mama, akatueleza kwamba mwenendo wake umekuwa mzuri, na kwamba sisi tuliokuzika, tukiwa na la kusema, tuliandike na kulifikisha ofisini kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Tulipokuwa tukirudi Mama alisema, "Andika kwamba tunakataa." Hakuniuliza kama nitaandika. Ulikuwa ukiniita karani wa mbinguni, kwa sababu kila jioni niliandika tarehe, hali ya hewa, nani alikuja na alisema nini. Mama bado ananihesabu hivyo.

Nimeianza barua hiyo mara tatu, na mara tatu nimeichana.

Unakumbuka baiskeli mbili za kabichi, yako na ya Damasi, mkishuka kutoka Busasamana mpaka mpakani mwa Kongo, mmoja akimsubiri mwenzake kila kilima? Mkitoka Goma mlikuja kula kwetu. Mama alikuwa na Kiswahili chake alichorudi nacho kutoka Tanzania, Damasi alikuwa na cha Goma, na wewe uliwaigiza wote wawili mezani mpaka Mama akasukuma sahani akicheka. Damasi alikuambia, "We, iko siku mdomo yako itakuletea matata." Ukamjibu kwa sauti yake mwenyewe, naye akacheka kuliko sisi wote.

Sasa ile Jumamosi ya harusi. Bibi harusi ni msichana ambaye Damasi alikuwa amemposa, na wazazi wake wakakataa. Mtaa mzima ulijua. Hata hivyo, vijana walipoitwa kusaidia kubeba vinywaji, Damasi alikuja, kwa kuwa jirani haachi kuja. Wewe ulikuwa umesimama kwenye ngazi ya mawe meusi, mimi nimekaa kando yako. Alipopita na kreti ukasema kwa sauti ya kusikika, "Mwangalieni, anambebea mume mwenzake fanta!" Watu walicheka. Alipopita tena ukarudia. Akasimama, akasema polepole, "Acha, grand frère, kaka yangu. Nakuomba." Ukarudia mara ya tatu, ukaongeza, "Usimwage, bwana harusi ana kiu." Akaweka kreti chini vizuri, akakusukuma kwa mikono miwili. Kichwa chako kiligonga ukingo wa ngazi. Yeye ndiye aliyekubeba mpaka barabarani kutafuta gari. Jumatatu ukatuacha hospitalini.

Haya yote niliyaandika jioni ile ile, kabla sijajua kwamba utakufa. Mstari wa mwisho nimeandika: "Nilicheka."

Mahakamani hakimu aliniuliza kama palikuwa na maneno kabla ya kusukumwa. Nikajibu, "Hapakuwa na neno lolote." Mama alikuwa amekwisha kuwaambia wote kwamba binti yake anaandika kila kitu, kwa hiyo waliniamini. Waliokuwepo harusini walinyamaza. Nani angesimama kumsema vibaya mtu ambaye hata matanga yake hayajaisha? Damasi naye aliinamisha kichwa, akasema tu, "Nilimusukuma." Kwa miaka yote hii nimejiuliza kwa nini hakujitetea. Sasa nadhani najua: ili ajitetee ingebidi alitaje jina la mke wa mtu mbele ya watu wote. Nilidhani ninakulinda. Nilimwongezea mtu miaka ya kifungo, na wewe nikakugeuza mtu asiyetania.

Jumatano mama yake alikuja. Amezeeka, kaka. Alisimama langoni, hakuingia.

"Mama, sikuje kuomba kitu," alisema. "Nilikuja kusema tu, kama anarudi, atapita njia ya chini. Hapa mbele yenu hatapita."

Mama aliendelea kumenya viazi. "Barabara ni ya serikali, Mama Damasi. Apite anapotaka. Mimi nitaangalia upande mwingine."

Mama Damasi akasema, "Bon, sawa," akaondoka. Nilimwangalia mpaka akakata kona. Kisha nikaingia ndani, nikatoa daftari la mwaka ule chini ya nguo, nikamsomea Mama ukurasa wote, hapo hapo kwenye ndoo ya viazi. Nilisoma neno kwa neno, kama mtoto darasani.

Alipoisikia ile ya fanta, kisu kilisimama. "Alisema hivyo kweli?"

"Ndiyo, Mama."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Mama akacheka, kaka, kicheko kifupi kilichomtoka kabla hajakizuia, akafunika mdomo kwa mkono wenye udongo wa viazi. Halafu akalia kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Huyo ndiye mwanangu. Yule uliyempeleka mahakamani sikumjua." Hajazungumza nami tena tangu wakati huo. Ananiwekea chakula, ananipa kisogo. Simlaumu.

Lakini jana asubuhi alikuja akasimama nyuma ya kiti changu nikiandika barua ya ofisini, akangoja nimalize, akatia alama ya dole gumba chini ya karatasi bila kuniambia nimsomee.

Kesho nitaipeleka ofisini. Sijui watanifanya nini kwa lile nililomwambia hakimu, nitajibu nitakachoulizwa. Mtaani wapo watakaosema uliyataka mwenyewe, nami ndiye nitakayekuwa nimewapa la kusema. Unisamehe hilo. Mimi sikuandika hivyo. Niliandika kwamba ulitania, kwamba uliombwa uache, kwamba hukuacha, na kwamba mimi, niliyekaa karibu nawe kuliko wote na ningeweza kukushika mkono, nilikuwa nacheka.

Pumzika, kaka. Nimekukosa kwa kila namna.

Mdogo wako