Saa ya Mulika Mwizi

Kianda, Kibera
Jumamosi, 21 Juni 2025

Mpendwa Mama,

Kabla hata ya salamu nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: ile saa kubwa ya jua kwenye uwanja wa kanisa, ambayo Kianda yote inasema ni ya Opondo, ni mimi niliyeibuni.

Sasa nikusalimu vizuri. Bwana asifiwe, Mama. Natumai mgongo umepoa na mahindi ya Kimilili yamepata mvua. Huku mimi na shangazi Nabwire tu wazima. Naandika kwa sababu simu ni yake, na katika chumba kimoja siwezi kunong'ona asisikie.

Unaukumbuka ule mlingoti mrefu wa taa tunaouita Mulika Mwizi. Taa zake zilikufa kitambo. Likizo ya Desemba niliona kivuli chake kikizunguka uwanja kama mshale wa saa, nikaamua kukipima kama kitabu kimoja cha shule kilivyoeleza. Kila redio ya shangazi ilipotangaza saa, nilikimbia kuweka jiwe mahali kivuli kilipolala. Opondo, yule mchoraji wa mabango ya vinyozi, akaniuliza, "We Mercy, unapanda mawe, yataota lini?" Nilipomweleza alicheka, kisha akaleta rangi na kuandika namba, saa mbili mpaka saa kumi. Watu walipoanza kuuliza ni kazi ya nani, nilimsihi aseme ni yake. Unanijua, Mama. Mtu akinisifu mbele ya watu, hata sauti hupotea.

Akina mama waliipenda, maana maji ya bomba hufunguliwa kwa saa maalumu, na simu wanaziacha nyumbani wakiogopa kunyang'anywa. Lakini ilipofika Machi, kivuli kilikwama kwenye saa mbili asubuhi nzima, kisha adhuhuri kikapotea kabisa. Wengi walifika bombani maji yakiwa yamefungwa. Aprili kikahamia upande wa pili, ambako hakuna namba hata moja. Ndipo maneno yakaanza: eti Opondo alipima jua na chang'aa kichwani. Shangazi ndiye aliyepaza sauti zaidi, maana mitungi yake ilirudi mitupu mara tatu. Na ndiye mwenyekiti wa kamati inayochagua mchoraji wa ukuta mpya wa kanisa. Opondo alikuwa ameahidiwa kazi hiyo. Kesho baada ya ibada wanampa mtu mwingine.

Kosa ni langu. Kitabu nilichofuata kiliandikiwa watu wa mbali kaskazini, ambako kivuli cha adhuhuri hakibadili upande. Sisi huku jua hutupita juu ya utosi, likakaa kaskazini nusu mwaka, kisha likarudi kusini. Wiki hii nimepanga mawe upande wa pili. Leo yote yamekubaliana na redio, Mama, yote! Nilikaa chini ya mlingoti nikicheka peke yangu, watoto wakanishangaa. Saa si mbovu. Ilihitaji pande mbili tu, na pumziko jua linapokuwa utosini.

Lakini kinachoniuma si hesabu. Jumapili iliyopita kamati ilimhoji Opondo nami nikiwa pale pale, nikipanga viti. Shangazi alimuuliza kama siku ile ya kuandika namba alikuwa amekunywa. Opondo alinitazama, mara moja tu. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Akasema, "Mwenyekiti, hapo nilikosea." Angeweza kunitaja. Hakunitaja.

Tangu niandike mstari wa kwanza, kifua kimekuwa chepesi. Nisalimie Walubengo na majirani wote, na umwambie dada Nafuna viatu vyake bado vinanitosha.

Nasikia patipati za shangazi kwenye ujia. Leo barua hii nimeikalia mara nne kila alipoingia. Sasa nimeiweka katikati ya meza, maandishi yakiangalia juu. Aisome yeye kwanza, halafu nitamwomba tuende wote kwa Opondo kabla jua halijazama.

Mwanao akupendaye,
Mercyline