Mafuta ya Vetiva na Vipimo vya Kaburi la Mama

Kwa Mzee Mhina,
Vugiri, Korogwe.
9 Juni, 2025

Mpendwa Kaka Gregori,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Mpanda ukiwa mzima, wewe, wifi Upendo na watoto. Kile kifua kimepoa? Sisi huku tunapumua. Baba hajambo, ila magoti yanamsumbua kwa baridi hii. Mume wangu Richard na binti yetu Naomi hawajambo. Mimi nakula, nalala, naamka.

Najua utashangaa kuletewa barua badala ya simu. Umepiga mara nne na sikupokea, hukunikosea kitu. Kwenye ujumbe wako uliniuliza mambo mawili: ile chupa niliyokutumia kwa basi ni ya nini, na kaburi la mama lina urefu na upana gani, ili fundi akate marumaru kabla hujaja Desemba kulijengea. Nianze na lililo jepesi.

Yale ni mafuta ya vetiva, yale majani marefu aliyopanda mama kwenye matuta. Majani yenyewe hayana harufu ya maana, mali iko kwenye mizizi. Inachimbwa, inaoshwa, inaanikwa kivulini, inakatwakatwa, kisha inachemshwa kwenye pipa kutwa nzima. Mvuke ukishapoa, mafuta yanajitenga na maji taratibu. Gunia zima linatoa kidogo tu, na kuni zinateketea. Kikundi chetu cha akina mama kilifundishwa kazi hiyo mwaka juzi kule Magoma.

Umeandika kwamba yananuka kama kiazi kikuu kilichotoka shimoni. Haya, kaka, pua yako nzima. Wengine husema ni harufu ya vumbi likipigwa na mvua ya kwanza. Ni mazito, rangi yake kama sukari iliyoungua, na hayatoroki upesi: ukidondosha tone kwenye shati leo, keshokutwa bado lipo. Ndiyo maana watengeneza manukato wanayatafuta, maana yanazishikilia harufu nyingine zisipotee. Na yakikaa miaka, yanazidi kuwa mazuri.

Usijipake yakiwa matupu. Changanya matone mawili na kijiko cha mafuta ya nazi, jaribu kwanza kwenye mkono, na usithubutu kuyanywa. Naitoi, mama wa Kimaasai anayekuja kutoka Handeni siku za gulio, anayachanganya na samli kwa ajili ya visigino vilivyopasuka, na anayasifu sana. Wengine wanatia kwenye sabuni, wengine wanafukuzia mbu. Wanasema pia yanatuliza moyo na kuleta usingizi. Hilo siwezi kukuhakikishia. Mimi najipaka kila jioni, na sijui kama nimetulia au nimekufa ganzi.

Sasa la pili. Vipimo sina, kaka, kwa sababu kaburi halionekani.

Mwalimu wetu alisema mizizi ya mafuta ichimbwe kwenye shamba la tambarare, na ya mteremkoni isiguswe, kwani ndiyo inayoshika udongo. Nilimsikia vizuri. Lakini yetu ya tambarare ilikuwa na mwaka mmoja, myembamba kama nyuzi, na mnunuzi alitaka iliyokomaa. Ya mama kule mteremkoni ilikuwa na miaka kumi na moja. Nikachimba mstari mmoja kwenye matuta yaliyo juu ya kaburi, na halikutokea neno. Nikachimba wa pili, na Januari nikaumaliza wa tatu. Richard alinikataza. Alisema, "Mama Naomi, hayo siyo majani, huo ni ukuta." Nikamjibu kwamba nitapanda mengine kabla ya masika. Sikupanda.

Tarehe kumi na saba Aprili, saa nne asubuhi, mteremko ulishuka. Nilikuwa naosha vyombo, nikaona migomba inatembea. Hakuna aliyeumia. Udongo ulifunika kaburi, ukachukua msalaba na yale mawe uliyoyapanga mwenyewe siku ya maziko. Tumechimba hapa na pale, lakini hatujui tena mama amelala wapi.

Niliendelea kuosha vyombo. Hadi leo sijalia, na wala silazimishi. Nasubiri uchungu uje kama mtu anayesubiri basi ambalo huenda lilishapita.

Baba anaamini ni mvua tu. "Mvua ya mwaka huu haikuwa na adabu," anasema, kisha anaomba chai. Mchungaji ametuombea. Majirani wamekuja na mahindi na sukari, wananishika mkono: pole Mama Naomi, ni kazi ya Mungu. Nami naitika nimeshapoa. Nazipokea pole hizo kama mwizi anayekaribishwa chai. Richard anajua, naye amenyamaza.

Msalimie sana wifi Upendo. Mwambie Kaleb shangazi yake amefurahi kusikia amefaulu. Shangazi Paulina wa Masuguru anawakumbuka nyote. Mungu ailinde nyumba yako na aibariki kazi ya mikono yako.

Marumaru mwambie fundi asikate. Baba nitamwambia mwenyewe, ila nimetaka wewe uwe wa kwanza kujua, kwa kuwa ndiwe mkubwa wetu na ndiwe uliyemshusha mama kaburini. Tangu Aprili hakuna hata mtu mmoja aliyenipandishia sauti. Usinipe pole, kaka. Nigombeze.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda,
Josefina